Kikundi kimoja, hali mbili: hii kolamu ya "Hali ya Kikundi" mnaiandikaje?

#1 MtuWaVisanduku (Fort Portal)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, ripoti inatakiwa Ijumaa.

Nina data ya vikundi vya akiba, vile vya kisanduku chenye kufuli 3. Kila mstari ni mwanachama mmoja kwa mwezi mmoja: jina la kikundi, parishi (ile ya utawala, siyo ya kanisa), mwanachama, mwezi, hisa alizonunua, halafu kolamu ya mwisho "Amelipa" yenye Ndiyo au Hapana. Januari hadi Agosti, jumla mistari elfu 41 na ushee. Bosi anataka Power BI (ile programu ya ripoti) imwonyeshe hali ya KIKUNDI, habari za mtu mmoja mmoja hazitaki. Wote wakilipa kikundi ni "Kamili", wakilipa baadhi ni "Nusu", asipolipa hata mmoja "Kimelala".

Nimeanza na Aprili peke yake ili nisichanganyikiwe. Nikaandika:

Hali = IF ( Wanachama[Amelipa] = "Ndiyo", "Kamili", "Kimelala" )

Kuna kikundi cha watu 23 ambamo mama mmoja tu hajalipa. Kwenye ripoti kinatokea mara 22 upande wa Kamili na mara 1 upande wa Kimelala. Bosi kanitazama akauliza, "Sasa hawa wamelala au wako macho?" Nikajifanya napokea simu.

Nifanyeje fomula iwaone na wenzake wa kundi lilelile?

#2 Kapera_wa_Bombo

Wa kwanza kufika. Naweka mkeka hapa, wataalamu wanakuja.

#3 NyaboFomula (Kampala)

@MtuWaVisanduku fomula yako haina kosa, ila inauliza swali la mtu na wewe unataka jibu la kikundi. Kolamu ya kukokotoa inasimama kwenye mstari mmoja, ya jirani haioni mpaka uiambie. Jaribu hii:

Hali ya Kikundi =
VAR Wote = CALCULATE ( COUNTROWS ( Wanachama ), ALLEXCEPT ( Wanachama, Wanachama[Kikundi] ) )
VAR Waliolipa = CALCULATE ( COUNTROWS ( Wanachama ), ALLEXCEPT ( Wanachama, Wanachama[Kikundi] ), Wanachama[Amelipa] = "Ndiyo" )
RETURN
SWITCH ( TRUE (), Waliolipa = Wote, "Kamili", Waliolipa = 0, "Kimelala", "Nusu" )

Kazi yote ipo kwenye ALLEXCEPT. Ukiita CALCULATE ndani ya kolamu, inauchukua mstari ulipo na kugeuza kila thamani yake kuwa kichujio: jina la mwanachama, hisa, Amelipa, vyote. Kwa hiyo bila ALLEXCEPT utahesabu mstari uleule mmoja na kupata 1 kila mahali. ALLEXCEPT inasema: futa vichujio vyote vya jedwali hili, niachie cha kikundi tu.

Halafu usiandike Waliolipa == 0 kwa alama mbili. Asipopatikana mtu, COUNTROWS inarudisha utupu. Alama moja inauhesabu utupu kuwa sifuri, alama mbili zinakataa, na kikundi kilicholala kitakutokea kama Nusu.

#4 Kapera_wa_Bombo

Yote haya ya nini jamani, Excel inatosha. Kikundi kipo A, Amelipa ipo F:

=IF(COUNTIFS(A:A,A2,F:F,"Ndiyo")=COUNTIFS(A:A,A2),"Kamili",IF(COUNTIFS(A:A,A2,F:F,"Ndiyo")=0,"Kimelala","Nusu"))

Buruta mpaka chini, kanywe chai. COUNTIFS ipo tangu Excel ya 2007, haijawahi kuniangusha.

#5 JikoKwanza (Mbarara)

@Kapera_wa_Bombo chai hiyo itapoa na utachemsha nyingine. Mistari elfu 41, kila mmoja unaita COUNTIFS mpaka mara 3, na kila mwito unapitia mistari elfu 41. Piga hesabu. Laptopu za miradi unazijua, feni italia kama mashine ya kusaga mahindi.

Mimi ni wa dini nyingine. Mambo ya kikundi yamalizwe kwenye Power Query, pale Power BI inapoandalia data, kabla data haijafika kwenye ripoti: unakusanya kwa kikundi, unahesabu wote, unahesabu waliolipa, unaandika hali, halafu unaiunganisha na jedwali la wanachama. Chakula kinapikwa jikoni. Mezani tunaleta sahani.

#6 PwaniKwaPwani (Mombasa)

Nimepita tu. Waganda, "kolamu" ndiyo nini? Kiswahili kinalo neno, SAFU.

#7 MzeeHesabu (Jinja)

@PwaniKwaPwani safu ya kwenda juu au ya kwenda pembeni? Ukisema "safu ya wanajeshi" wamesimama wapi? Ndiyo maana wenye tafsiri zao wakalazimika kusema safu wima na safu mlalo. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi na sijasikia karani yeyote akisema "nipe safu wima ya tatu". Kolamu kila mtu anaijua.

#8 PwaniKwaPwani

Haya mzee, shikamoo. Baraza lenu la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, nikadhani na kolamu mmezihamisha.

#9 MtuWaVisanduku

Marahaba kwa niaba ya mzee 😂 Turudi kwenye uzi.

@NyaboFomula asante sana, nimeiweka. Vikundi vingi vimekaa sawa ila kimoja kimenishangaza. Tweyambe inaniambia Wote = 71, na hakuna kikundi chenye watu 71! Mwongozo wetu ni watu 15 hadi 30 kwa kisanduku.

#10 Boda_ya_Data

Umepakia miezi mitatu bila kujua. 71 gawanya kwa 3.

#11 MzeeHesabu

@Boda_ya_Data 71 ni namba tasa, haigawanyiki kwa 3 wala kwa kitu chochote.

#12 Boda_ya_Data

Mzee, watu wanaingia na kutoka kikundini. Mwezi huu 23, mwingine 26, mwingine 22. Jumla 71. Siyo lazima igawanyike.

#13 NyaboFomula

Kasema amechukua Aprili tu. @MtuWaVisanduku weka jedwali lenye Parishi na Kikundi, uchuje Tweyambe, utuambie.

#14 MtuWaVisanduku

Banange. Tweyambe ziko TATU. Parishi tatu tofauti: watu 23, watu 26, watu 22. @Boda_ya_Data namba zako zimetoka kweli, sijui umeziota wapi, ila sababu ni nyingine.

Na ile ya 23 ndiyo yenye yule mama.

#15 Boda_ya_Data

Nilibahatisha 🙏 leo nacheza bahati nasibu.

#16 Kapera_wa_Bombo

Tweyambe, "tujisaidie". Huku kwetu kila kona kuna Agaliawamu, ukienda Gulu utakuta Ribe Ber. Watu wanachagua jina zuri, hawafikirii fomula ya mtu.

#17 NyaboFomula

Hapo ndipo watu wengi tunapoumia. Usipange kwa jina. Kila kikundi kipewe namba yake, KikundiID, na ndani ya ALLEXCEPT uweke hiyo. Kwa dharura unaweza kuweka kolamu mbili: ALLEXCEPT ( Wanachama, Wanachama[Parishi], Wanachama[Kikundi] ). Ila siku parishi moja ikiwa na Tweyambe A na Tweyambe B, na katibu akasahau kuandika A na B, umerudi palepale.

#18 Boda_ya_Data

Si atumie namba ya simu ya katibu kama ID? Kila kikundi kina katibu.

#19 MzeeHesabu

Tulishafanya hivyo mahali fulani, tukajuta. Kwanza Excel ilikula sifuri ya mbele, 07 yote ikawa 7. Tukarekebisha. Kisha makatibu wakabadilishwa baada ya uchaguzi, na kikundi kikahesabiwa kipya. Kisha tukakuta bwana mmoja ni katibu wa vikundi viwili, ana mwandiko mzuri, kila mtu anamtaka. Vikundi vyake viwili vikawa kimoja chenye watu 51.

#20 JikoKwanza

Mzee umenichekesha kwenye taxi, watu wananitazama.

#21 MtuWaVisanduku

Sawa, nimetengeneza KikundiID. Nikapata ujasiri nikapakia miezi yote 8. Tweyambe yangu ya watu 23 sasa inasema Wote = 184. Nimeshajua ni 23 mara 8, msinicheke. Ila angalieni matokeo: karibu vikundi vyote vimekuwa Nusu! Kamili zimebaki 3.

#22 NyaboFomula

Kwa sababu sasa fomula inauliza: je, kila mtu alilipa kila mwezi tangu Januari? Nani anaweza hiyo? Ongeza mwezi: ALLEXCEPT ( Wanachama, Wanachama[KikundiID], Wanachama[Mwezi] ).

#23 JikoKwanza

Akiongeza mwezi atarudi kwenye #1. Kikundi kimoja kitakuwa Kamili Januari, Nusu Februari, Kimelala Machi. Akiweka chati ya duara bila kuchagua mwezi, kikundi kilekile kitakaa vipande vitatu. Bosi atauliza swali lilelile.

#24 NyaboFomula

Basi asiandike kolamu. Aandike kipimo. Kolamu inakokotolewa data inapopakiwa upya na inabaki hivyohivyo, ubonyeze vichujio mpaka kidole kichoke haibadiliki. Kipimo kinakokotolewa pale unapotazama. Ukichagua Juni, kinajibu ya Juni.

#25 JikoKwanza

@NyaboFomula na bosi akitaka kuchuja kwa hali? "Nionyeshe zilizolala tu." Kipimo hukiweki kwenye kitufe cha kuchujia wala hakigawi rangi za chati. Ni lazima iwe kolamu. Ndiyo maana nasema tengeneza jedwali jingine ambalo kila mstari ni kikundi kimoja kwa mwezi mmoja. Vikundi 214 mara miezi 8 ni mistari 1,712. Hali ikae humo. Bosi achague mwezi mmoja, maisha yaendelee.

#26 NyaboFomula

Na asipochagua mwezi?

#27 JikoKwanza

Umlazimishe. Kitufe cha mwezi kiwe cha chaguo moja tu.

#28 NyaboFomula

Bosi wako unamlazimisha wewe? Wangu hapana.

#29 Kapera_wa_Bombo

Hapa sasa ndoa inavunjika. Mimi bado na COUNTIFS yangu. Unaongeza tu D:D,D2 ya mwezi.

#30 MzeeHesabu

Kabla hamjamaliza kugombana, naomba niulize. "Kimelala" maana yake nini hasa? Vikundi hivi vina mzunguko. Watu wanaweka akiba miezi 9 hadi 12, kisha wanafungua kisanduku na kugawana kila kitu, wengi Desemba au karibu na ada za shule. Baada ya mgao wanapumzika wiki kadhaa kabla ya kuanza mzunguko mpya. Mwezi huo hakuna anayelipa, na siyo kulala. Fomula yako itawaita wavivu watu waliomaliza kazi vizuri kuliko wote.

#31 MtuWaVisanduku

Eh. Hilo limeshanitokea mwaka jana na sikujua sababu. Nilifungua laptopu mbele ya kikundi, mwenyekiti wa LC1 (wa kijiji) yupo, skrini ikaandika "Kimelala" kwa herufi nyekundu. Mweka hazina akasimama, mama wa makamo hivi, akanyoosha funguo ya kisanduku juu: "Tumegawana wiki iliyopita kila mtu amepata pesa yake, nani amelala?" Nikafunga laptopu. Ilibidi nile matoke yao kwa aibu.

#32 Buni_ya_Elgon (Mbale)

😂😂 Umekula lakini.

Mimi niko kwenye kahawa na hali yetu ya kundi ni ngumu zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, kahawa ikiwemo, inataka ijulikane shamba ambapo kahawa imetoka. Shamba la hekta 4 kushuka chini inatosha nukta moja ya ramani, likizidi hapo unachora mipaka yake yote. Kwa hiyo kundi la wakulima 60 likiwa na mkulima mmoja ambaye shamba lake halina nukta na kahawa yake imeshachanganywa na ya wenzake, mzigo wote una doa. Kwetu 59 kati ya 60 ni sifuri. Hakuna Nusu.

Ninyi wa visanduku 22 kati ya 23 ni karibu asilimia 96, na mnakiita Nusu? Kikundi ambacho mtu 1 kati ya 23 amelipa nacho Nusu? Hizo mbili ni sawa?

#33 Boda_ya_Data

Swali zuri. Weka asilimia: DIVIDE ( Waliolipa, Wote ), 80 kwenda juu "Nzuri".

#34 MzeeHesabu

80 imetoka wapi?

#35 Boda_ya_Data

Ni namba inayopendeza mzee.

#36 MtuWaVisanduku

Bosi kasema neno "Kamili" lipo kwenye fomu ya mfadhili, haliguswi. Nusu naweza kuigawa.

Ila kuna kitu kingine. Power Query ikihesabu vikundi inasema 221. Ripoti ikihesabu majina tofauti kwa parishi inasema 217. Daftari la maafisa linasema 214. Nani mwongo?

#37 JikoKwanza

Herufi kubwa. Kwa Power Query "Tweyambe" na "TWEYAMBE" ni vitu viwili. Data ikishaingia kwenye modeli ya Power BI, ni kimoja, na itaonyesha ule mwandiko iliokutana nao kwanza. 4 zako zimekwenda hapo.

#38 Kapera_wa_Bombo

Na nafasi. Mtu akibonyeza nafasi baada ya jina, "Tweyambe " si "Tweyambe". 3 zilizobaki ni hizo. Hata "Ndiyo " yenye nafasi nyuma haihesabiwi.

#39 NyaboFomula

@Kapera_wa_Bombo kwenye Excel yako ni kweli. Kwenye Power BI nafasi ya NYUMA ya neno inakatwa yenyewe data inapopakiwa, ya MBELE ndiyo inabaki. Kwa hiyo atafute majina yaliyoanza na nafasi, au "Twe yambe" iliyokatwa katikati. Ukipanga majina kwa alfabeti, yenye nafasi mbele yanapanda juu kabisa ya orodha, utayaona.

#40 Kapera_wa_Bombo

Hilo sikulijua. Nimekusoma nyabo.

#41 MtuWaVisanduku

Nimepata mbili zenye nafasi mbele na "Tweyanbe" moja. 217 toa 3, 214. Machozi ya furaha.

Lakini nimeona jambo la ajabu kwenye Amelipa. Kuna Ndiyo 31,000 na kitu. Kuna "Ndio" bila y, 2,600. Kuna "Eee" 14. Na kuna tupu.

#42 PwaniKwaPwani

Nilikuwa nimeondoka, mmeniita wenyewe. NDIYO ni kukubali. NDIO ni kitu kingine: "huu ndio mti". Wafundisheni maafisa wenu.

#43 Afisa_wa_Parishi

Hata wewe hapo Mombasa ukimwandikia mkeo ujumbe unaandika ndio.

#44 PwaniKwaPwani

Mke wangu si Power BI.

#45 JikoKwanza

😂 Badilisha yote kwenye Power Query: Ndio, Eee, ndiyo, zote ziwe 1, Hapana iwe 0. Ukishakuwa na 1 na 0 hata kuhesabu huhitaji. Chukua ndogo na kubwa ya kundi: MIN ikiwa 1 wote wamelipa, MAX ikiwa 0 hakuna aliyelipa, zikitofautiana ni Nusu. Mistari miwili.

#46 NyaboFomula

Na zile tupu? MIN inaruka utupu. Kikundi chenye watu 23, watatu hawajajazwa, 20 wamelipa: MIN itasema 1, utakiita Kamili. Fomula yangu ya #3 ingesema 20 kati ya 23, Nusu.

#47 JikoKwanza

Lakini tupu si Hapana. Huyo mtu hujui. Ya kwako inamhukumu bila ushahidi.

#48 NyaboFomula

Na ya kwako inamsifu bila ushahidi.

#49 MzeeHesabu

Weka hali ya nne, "Haijulikani". Na iwe ya kwanza kwenye SWITCH, maana SWITCH inasimama kwenye jibu la kwanza la kweli, zinazofuata haizitazami.

Kwa wasiojua, mfumo huu wa visanduku ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE na akina mama wa vijijini. Mwanzo kabisa wengi hawakujua kusoma, mahesabu yalikuwa ya kukariri kichwani kwenye mkutano. Hivi vijitabu vya kugonga muhuri, muhuri mmoja kwa hisa moja, hisa 1 hadi 5 kila mkutano, vilikuja baadaye. Hawakuwa na Haijulikani. Kila mtu alikuwa amekaa pale anaona.

#50 Boda_ya_Data

Kwani hivi si ndivyo vikundi vya PDM, ule mpango wa maendeleo wa milioni 100 kila parishi?

#51 MtuWaVisanduku

Hapana, ile ni pesa ya serikali. Hawa ni pesa yao wenyewe, ndiyo maana wakiitwa "Kimelala" wanawaka.

@MzeeHesabu nimeweka "Haijulikani" na "Mgao". Sasa hali ziko tano. Nikaongeza kolamu mbili mpya, hali ya parishi na hali ya wilaya, Power BI imekataa, inasema kuna utegemezi wa mzunguko. Nilifikiri inaongelea mzunguko wa kisanduku.

#52 Buni_ya_Elgon

Hiyo ilinilaza ofisini siku mbili. Umeandika CALCULATE bila ALLEXCEPT, sivyo? Kama nilivyosoma #3, CALCULATE inageuza mstari wote kuwa vichujio, pamoja na kolamu ulizoziongeza wewe. Kwa hiyo ya parishi inaingojea ya wilaya, ya wilaya inaingojea ya parishi. Jedwali lako halina ufunguo wa kipekee, kwa hiyo haina pa kushika. Weka ALLEXCEPT kwenye zote mbili, kosa litaondoka.

Au acha CALCULATE, tumia COUNTROWS ( FILTER ( Wanachama, Wanachama[Parishi] = EARLIER ( Wanachama[Parishi] ) ) ).

#53 Boda_ya_Data

EARLIER ni mwezi uliopita?

#54 Buni_ya_Elgon

Hapana! Jina limepotosha wengi. Haina uhusiano na wakati. FILTER inatembea mstari kwa mstari, EARLIER inarudi kwenye mstari wa nje uliokuwa umesimama kabla FILTER haijaanza kutembea. Siku hizi unaweka VAR juu, unaisahau EARLIER kabisa.

#55 MtuWaVisanduku

Imekubali. Asanteni wote, nimeituma saa nne usiku. Nimefuata jedwali la @JikoKwanza la kikundi kwa mwezi, na fomula ya @NyaboFomula ndani yake. Msigombane tena.

#56 NyaboFomula

Bado nasema kipimo kingetosha.

#57 JikoKwanza

Bado nasema usiku mwema.

#58 Afisa_wa_Parishi (Kyenjojo)

Nimeusoma uzi wote, nacheka peke yangu. Mimi ni mmoja wa wale wanaojaza hizo fomu kwa simu, na Ndio bila y ni mimi, nakubali kosa.

Ila mnabishana kuhusu tupu na hamjauliza kuhusu Hapana. Fomu ya kwenye simu kuna kipindi ilikuwa inafunguka ikiwa imeshachagua Hapana. Ukiwa na watu 23, mvua inanyesha, betri asilimia 6, unapitia haraka, yule usiyemgusa anabaki Hapana hata kama muhuri wake upo kwenye kijitabu. Tuliripoti, wakarekebisha. Kwa hiyo hapo kabla ya kurekebishwa sijui Hapana ngapi ni Hapana.

#59 MtuWaVisanduku

Ssebo ngoja. Kipindi gani hicho?

#60 Afisa_wa_Parishi

Machi mpaka katikati ya Juni.

#61 Kapera_wa_Bombo

@MtuWaVisanduku wewe ulianza na mwezi gani vile?

#62 MtuWaVisanduku

Aprili.

Kesho asubuhi naenda Tweyambe kuangalia kijitabu cha yule mama.